Kipande Kisicho na Ngoro

Jumatatu, 2 Machi
Nimechemsha maji ya kuoga ya wageni, nimefagia uani, nimelisha nguruwe. Dokta kanywa chai kwa viazi vitamu, kaomba tena. Mwanafunzi wake Zuhura amefunga Ramadhani. Mimi niko Kwaresima. Nyumba nzima anayekula kwa raha ni Dokta peke yake.

Hawa ni watafiti wa udongo. Vyumba vyangu viwili vya uani vimeshalaza chuo kizima. Walikuja wa popo, wakatundika nyavu kwenye migomba. Wakaja wa meno, watoto wa shule wakatemea mate kwenye vichupa. Akaja kijana wa lugha, akamrekodi mama mkwe wangu, Bibi Kandida, akitaja aina za majembe kwa Kimatengo. Wa nyimbo za ngoma ya mganda. Wa chulebuni, ugonjwa wa kahawa. Mmoja alitaka kujua tunaota ndoto gani, na simsingizii. Wote ni wa chuo kimoja, cha serikali, nembo ile ile mlangoni mwa gari. Hakuna aliyerudi kutuambia alichopata. Popo wetu wana nini? Sijui mpaka leo.

Huyu binti lakini ana adabu. Ananiamkia kila asubuhi, anaosha sahani yake mwenyewe. Kwao Kondoa.

Jumatano, 4 Machi
Nina hasira.

Leo nilikwenda kuanza ngoro. Wanaume walishafyeka wiki iliyopita na kuyapanga majani yaliyofyekwa kwa miraba. Hiyo ndiyo kazi yao. Sisi wanawake tunachimba katikati ya kila mraba, tunafunika majani kwa udongo, linabaki shimo lenye kingo nne, na juu ya kingo tunapanda maharage. Mvua ikija maji yanatuama mashimoni, udongo unabaki mlimani. Ndivyo kijiji chetu cha Maguu kinavyoishi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaikanyaga kwa kufikiri.

Nimefika, nakuta kipande cha katikati ya shamba langu kimezungushiwa kamba na vigingi. Majani yote yameondolewa. Pamelimwa sesa, udongo umelala wazi kama uwanja wa mpira, pale penye mteremko mkali kuliko pote. Chini yake kuna bati la kukinga matope na pipa.

Zuhura, aliyekuwa pale kwenye pipa, akasema, "Mama, baba alituruhusu." Baba! Shamba hilo Bibi Kandida alinipa mimi kwa mkono wake nilipojifungua mtoto wa kwanza. Ndilo pekee nililo nalo. Gaspari mume wangu anafyeka humo mara moja kwa mwaka, basi. Wao wakamuuliza yeye.

Alhamisi, 5 Machi
Nimemkabili Dokta kabla hajamaliza chai.

Maelezo yake: lazima kuwe na kipande chenye ngoro na kipande kisicho nayo, ndipo wapime udongo unaoshuka. Bila kulinganisha hakuna sayansi. Nikamuuliza kwa nini kwangu. Akasema mteremko wangu ni mzuri sana. Mzuri! Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema mkuu wa kaya aliridhia mbele ya mwenyekiti, na wilaya imetoa ruhusa.

Wamekuja kuchunguza ngoro, na hawajui hata ngoro inachimbwa na nani. Wasomi hao.

Gaspari anasema ametoa neno kwa mgeni na hawezi kulimeza. Nimemwambia neno alilotoa halikuwa lake. Amekwenda kwenye kahawa zake. Dokta naye ameondoka kwenda mjini Mbinga, kamwacha binti na pipa.

Jumapili, 8 Machi
Misa. Padri kahubiri uvumilivu. Nilihisi nimechongewa kwake.

Nje ya kanisa wanawake wakanitania: shamba la Mama Osmunda limeota kipara. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani nimenuna. Ntambo wetu mzima, mlima wote kutoka kijito hadi kijito, umejaa ngoro, na doa moja tu la udongo wazi. Linaonekana hata ukisimama barabarani.

Ijumaa, 13 Machi
Mvua kubwa kuanzia mchana. Nilisimama barazani nikiangalia upande wa shamba kama mtu anayesubiri habari ya mgonjwa.

Ilipokatika nikapanda. Nikamkuta Zuhura kwenye pipa, amelowa chapachapa, amefunga tangu alfajiri, na anacheka. "Mama, umeshuka mwingi! Pipa limejaa!"

Alifurahi kweli. Kwake ile ni namba. Kwangu ni udongo wa juu, mweusi, ule ambao Bibi Kandida aliutunza kabla mimi sijaolewa. Udongo ukishuka haupandi.

Nikageuka, nikashuka nyumbani. Ningefungua mdomo ningemtukana mtoto wa watu. Futari nilimpikia, uji na magimbi. Nilimwekea mezani bila kumsemesha, nikaona anakula kwa shida.

Jumatatu, 16 Machi
Niko Mbaha, kando ya ziwa, kwa mdogo wangu Benedikta. Mama mkwe wake amefariki, tumezika jana.

Leo limekuja gari. Nembo ile ile. Nilidhani Dokta amenifuata hadi ziwani. Kumbe ni wa samaki. Wakaita mkutano ufukweni, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, wavuvi wakakaa, na mimi nikakaa kando ya Benedikta.

Kijana mmoja mwenye miwani akaeleza kwa nini mbasa wanapungua. Mbasa anapanda mtoni kutaga kwenye changarawe. Siku hizi changarawe inafunikwa na matope. Matope yanatoka wapi? Akanyoosha mkono kwenye milima. Akasema Wamatengo wa sasa wameacha ngoro za mababu, wanalima ovyo.

Nilisimama kabla sijajua nimesimama. Nikamwamkua, maana adabu ni adabu, kisha nikamwambia, "Mwanangu, mimi natoka huko ulikonyooshea kidole. Kipande pekee kisicho na ngoro katika ntambo wetu kimelimwa na chuo chako. Kwenye shamba langu. Kwa makusudi."

Wavuvi wakaangua kicheko. Mzee mmoja akajipiga mapaja.

Yule kijana hakuwa na habari. Hakuwa na habari kabisa! Akasema, "Hao watakuwa idara nyingine, mama. Sisi ni samaki."

Idara nyingine. Mmoja anaumwaga udongo, mwenzake anauzoa kwa darubini huku chini na kuuliza nani kamwaga. Wanalipwa na kodi zile zile, pengine wanakula meza moja. Hawajawahi kuulizana. Benedikta anasema niliongea vizuri. Mimi naona sikuongea hata robo.

Jumatano, 18 Machi
Nimerudi. Imenyesha siku zote nilizokuwa ziwani.

Kipande kimechanika. Mifereji mitatu, mmoja unaingia mguu hadi gotini. Pembeni jiwe jeupe limejitokeza. Sijawahi kuona jiwe katika shamba lile.

Bibi Kandida alipanda na fimbo yake kuangalia. Aliniuliza kwa utulivu, "Hii kazi wataimaliza lini?" Nikamwambia misimu miwili. Akasema, "Watamaliza na mlima."

Nimeamua. Jumamosi naita wanawake kwa ngokela, kazi ya kualikana. Tunachimba ngoro humo ndani ya kamba. Nimemwambia Zuhura usoni, sipendi kuvizia. Tende ikabaki mkononi mwake. Akasema kipande hicho kikichimbwa, utafiti wake umekufa, ataanza upya au ataacha shahada. Akalia juu ya futari.

Nilimhurumia. Halafu nikamkasirikia zaidi kwa kunitia huruma. Mimi je, nani kanililia?

Jumamosi, 21 Machi
Nimechoka hadi mifupa, lakini niandike.

Walikuja wanawake wengi kuliko nilivyotarajia. Tatizo likawa majani. Ngoro bila majani chini ni shimo tu, na kufyeka na kupanga ni kazi ya wanaume. Gaspari kakaa nyumbani na neno lake. Wanaume wengine wakasema hawaingii ugomvi wa mtu na mumewe. Basi tukafyeka wenyewe kando ya kijito, tukabeba vichwani, tukapanga. Miraba yetu ilikuwa aibu. Mingine ilikaa kama mkeka ulioliwa na panya. Tulicheka hadi kukaa chini.

Zuhura alikuja na kuingia ndani ya kamba. Akasimama katikati. Amevaa gauni lake jipya la Idd. Hakuna aliyemgusa. Tukaanza kuchimba kutoka juu, tukashuka kulia, tukashuka kushoto, mpaka akabaki amesimama kwenye udongo wa ukubwa wa jamvi. Majembe yakasimama. Hapo hata mimi nilikosa la kufanya.

Bibi Kandida ndiye aliyemwendea. Akamshika mkono, "Njoo, mwali," akamtoa taratibu kama anayetolewa ndani siku ya harusi yake. Binti akatoka. Akakaa chini ya mgomba na kutuangalia hadi mwisho.

Na Gaspari. Alipita juu barabarani akijifanya anaelekea kwa seremala. Akaiona miraba yetu. Akasimama. Akaenda mbele kidogo, akarudi. Hatimaye akashuka, akavua koti, akaanza kunyoosha majani safu kwa safu, bila kumsalimu mtu. Neno lake sijui kaliweka wapi. Moyoni bado nina kinyongo naye, lakini wali wake nilimtengea mwingi.

Jumanne, 24 Machi
Dokta amekuja. Kikao ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu, mtu wa Tabora, mgeni kama wao, alikuwa anatoka jasho: anaogopa kijiji kitaandikwa kuwa ni cha wakorofi na miradi itapita mbali.

Dokta kasema nimeharibu mali ya utafiti wa taifa. Nikamwambia taifa limo ndani ya shamba langu, lingebisha hodi. Kasema matokeo yangeonyesha ngoro ni bora. Nikamwambia hilo hata nguruwe wangu wanalijua. Hapo akainamisha kichwa, akaongea kwa sauti ya chini, si ya kikao. "Mama, najua unajua. Lakini wanaogawa matrekta na mbolea hawaamini macho yako. Wanaamini namba."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Na ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Ili niaminiwe kuwa mlima wangu hauporomoki, lazima kwanza uporomoshwe mbele ya shahidi mwenye pipa!

Nikamwambia basi atafute mteremko wa chuo, auporomoshe huo. Akasema chuo hakina mteremko kama huu. Nikasema, "Na mimi sina mwingine."

Kikao kikaisha. Kipande kimefutwa kwenye mradi. Wameng'oa vigingi, wamepakia pipa. Zuhura aliniaga kwa kupiga goti, kama kwao wanavyofanya. Niliitikia. Nilitaka kumfungia mahindi ya njiani, gari likawa limeshawashwa.

Jumapili, 5 Aprili
Pasaka. Kuku. Vyumba vya uani vitupu. Nimepanda maharage kipande chote, nimemaliza juzi. Gaspari aliniletea mbegu shambani bila kutumwa. Tunaongea sasa, ya nguruwe na ya watoto. Lile jingine bado.

Ijumaa, 24 Aprili
Ukungu asubuhi yote. Nimepalilia.

Maharage yameota. Shamba zima kijani cha kutosha, ila pale katikati ni ya manjano, mashina membamba, majani kama ya mgonjwa. Bibi Kandida anasema udongo wa pale utarudi taratibu, yeye hatauona. Alisema tu, akaendelea kung'oa magugu. Nimeanza kupandisha mbolea ya nguruwe kwa ndoo.

Mchana Zuhura kapiga simu. Shikamoo mama, habari za nyumbani, bibi hajambo? Wamempa mada nyingine, ya udongo wa mabondeni, anaanza upya. Hakulalamika. Akaniuliza kama maharage yameota.

Nikamwambia yameota. Rangi yake sikumwambia.