Kungoja Upepo Utulie

Jumanne, Sikonge

Bado namsikia Mama Kulwa. "Mwanangu, rusha hicho kidude! Mume wangu yuko porini tangu jana."

Baba Kulwa alikwenda kurina asali, hakurudi. Droni ya kikosi chetu cha uokoaji ilikuwa mkononi mwangu, lakini upepo ulikuwa unainamisha miti. Ningeirusha vile, ingejigonga kwenye matawi, na hatuna nyingine. Nikamwambia, "Tungoje upepo utulie, mama." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempoteza.

Tukahamia kwenye shamba lililovunwa, mbali na miti na nyaya za umeme. Tukangoja. Nilikuwa najiuliza kama ni busara au ni woga tu, na mtu anakufa...

Alasiri upepo ukapungua, nikairusha. Punde nikamwona kwenye skrini, amekaa kwenye mbuga kavu, anapunga shati. Vijana wa kijiji wakamfuata. Mguu umevunjika, lakini mwenyewe yu hai.

Mama Kulwa hakunishukuru. Aliniuliza taratibu, "Na kama angekufa wakati unangoja?"

Nikaikunja droni, nikaitia kwenye begi. Mpaka sasa najiuliza hivyo hivyo.