Kwaya ya Kaka Masanja

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka. Sisi huku Sapiwi ni wazima, isipokuwa jogoo, tuliyemchinjia mgeni ambaye hakufika. Unasema umepewa kuongoza kwaya ya wenzako mliohitimu nao chuo kikuu, na unaogopa watu wataondoka kabla hamjamaliza.

Wataondoka. Kaka yangu Masanja alileta kwaya kama hiyo uwanjani Bariadi, enzi wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja. Alitaka sana baba yetu aone alichojifunza huko chuoni. Waimbaji walivaa tai, naye akawaongoza akiwa ametugeuzia mgongo. Wimbo wa pili, ngoma ikalia upande wa pili wa uwanja. Kwetu vikundi viwili vikicheza, watu hufuata penye utamu. Tukahama wote, na mimi nikiwamo. Masanja anapunga mikono tu, hajui.

Mwenyewe anasimulia kwamba alipogeuka ainame kuwashukuru watu, alimkuta baba peke yake kwenye benchi.

“Baba, wengine wako wapi?”

“Wako ngomani. Mimi nilisubiri ugeuke, mwanangu, nikuage. Kuuaga mgongo wa mtu si adabu.”

Masanja akavua tai, wakaja ngomani pamoja.

Kwa hiyo ongoza tu. Nitakuja nikae benchi la mbele. Ila angalieni pasiwe na ngoma jirani.

Bibi yako