Mama Ana Miguu Minne

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi. Natumaini kikohozi cha wifi kimekwisha na watoto bado wanamkumbuka shangazi yao. Sisi huku tu wazima. Mimi naendelea na kushona mapazia, na Mama... kaka, kaa chini kwanza. Mama amekuwa nusu mtu, nusu farasi.

Usicheke. Unajua tangu kisukari kilipomchukua mguu alivyojifungia chumbani, uso ukutani, hata akaniambia nigawe viatu vyake vyote. Ulipomwomba ahamie kwako alitikisa kichwa tu, nasi tukahesabu amekubali.

Sasa, Jumapili marafiki zangu huja sebuleni kucheza mchezo wa hadithi. Kila mtu anajitungia shujaa, mmoja wao, tunayemwita Fundi Simu, anasimulia yanayotukuta, na dadu ndizo zinazoamua kama tumefaulu. Siku moja tukasikia kiti cha magurudumu koridoni. Mama akauliza kama kuna nafasi. Fundi Simu akamfungulia picha za viumbe achague. Akawapita wachawi, akawapita malkia, kidole kikatua kwa yule mwenye kiwiliwili cha mtu juu na farasi mzima chini. Akasema yeye amekatwa mguu mmoja, basi apewe minne. Hatukujua kama tucheke, mpaka alipoanza kucheka mwenyewe.

Kipara, yule dereva wa lori, anacheza askari mpanda farasi. Akalalamika kwamba mpanda farasi akishambulia kwa mkuki huongezewa alama, na Mama naye anazitaka, lakini hana farasi, sasa ni mpanda farasi gani? Mama akamjibu taratibu, "Wewe, mwanangu, ukianguka, farasi ataendelea na safari zake. Mimi nitaanguka kutoka wapi?" Fundi Simu akasema hilo ataliamua siku nyingine.

Jumapili moja, miezi miwili iliyopita, tulikuwa tunakimbia jeshi kwenye daraja la mawe. Mama alishavuka, yuko salama. Nyuma yetu farasi wa Kipara akapigwa mshale, Kipara chini, maadui wamemzunguka. Mimi nilisema tutimue mbio. Mama akasema anarudi. Fundi Simu akamwonya kwamba shujaa wake akifa pale, ndiyo basi. Mama akavuta kiti chake hadi mezani, akamwambia Kipara apande mgongoni, akaelekeza mkuki, akarusha dadu. Namba ikaja ndogo, haikutosha. Mara Kipara akainuka na kupiga meza, "Mwongezeeni alama zake! Huyu ni mpanda farasi kuliko mimi!"

Fundi Simu akaongeza. Mkuki ukapenya, wakavuka wote wawili, na sebule ikalipuka kwa vifijo hadi jirani akagonga ukuta. Ungemwona Mama, kaka! Shingo imenyooka kama enzi zile akikagua mashine kiwandani. Nilitamani kumwambia jirani aache kugonga, aje aone nimezaliwa na nani.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Kesho yake nilimkuta Mama amevaa nguo za kutokea. Alitaka nimpeleke hospitali akapimwe mguu wa bandia, ule aliokuwa hataki hata kuusikia. Ameshaanza mazoezi. Analaani chinichini kila anapokanyaga, lakini anakanyaga. Na amenituma nikuambie bila kuzunguka: hahami. Najua umeshampakia rangi chumba, na kalamu imekuwa nzito kweli. Lakini maneno yake ni haya, sijayapunguza: "Mwambie mwanangu nampenda. Ila kama anataka kunibeba, aje kwanza aone ninavyobeba wengine."

Basi njoo, kaka, uje na wifi na watoto. Viti vya kuazima vipo kwa jirani, tumeshapatana naye.

Mama anawabusu wote. Nami nakuaga kwa mapenzi na kwa kifua mbele,

Mdogo wako, fundi mapazia