Waya Uliopita Chini ya Mikeka

Bowie, Maryland,
12 Oktoba 2025.

Mpendwa Dada Lusekelo,

Shikamoo dada. Habari za hapo Kyimbila, na za goti lako? Nasikia bado linakusumbua ukipanda kilima cha kanisani, na kwa ubishi wako najua hujaenda hospitali. Nenda, tafadhali. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako Sebastian yuko kazini kama kawaida. Queen amenipita urefu, na Kiswahili anakielewa chote, ila majibu ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Kila nikikupigia nalia kabla salamu hazijaisha, na wewe unalia, tunakata bila kusema lolote. Flaviana, rafiki yangu wa huku, anakuja likizo, ndiye atakayekuletea barua hii.

Dada, tumezificha nyaya za televisheni na intaneti ukutani. Najua unacheka, kwamba Edna amekosa habari ya kuandika. Nivumilie kidogo.

Kwa nini sikuja kumzika mama unajua. Karatasi zangu bado, na ningetoka nchi hii nisingeruhusiwa kurudi kwa mume na mtoto. Kaka yetu Eliudi alishanikasirikia vya kutosha kwa hilo, sitaki kulirudia. Basi msiba ukakaa kwangu. Watu walikuja kabla hakujapambazuka vizuri, wengine kutoka Annandale, jimbo la jirani, kwa kuwa mazishi yangeonyeshwa moja kwa moja saa nane zenu za mchana, na huku ni saa moja asubuhi. Wakafanya kama nyumbani: makochi yakatolewa, yakapangwa gereji, mikeka ikatandikwa sebule nzima, tukakaa chini.

Sebastian alihofia simu za watu wote wale zingelemea intaneti ya hewani na picha ya mazishi ingeanza kukwama. Akavuta waya mrefu wa buluu kutoka kwenye kisanduku cha intaneti kilichoko chumba cha juu, ukashuka ngazi, ukakatiza sebule hadi kwenye televisheni. Kina mama wakaona haipendezi, waya kujilaza katikati ya msiba. Wakaufunika na mikeka, wakaupanga vizuri hata usingejua upo.

Tuliwaona nyote, dada. Nilikuona wewe na kitenge cha zambarau, na Eliudi ameshika jeneza upande wa kichwa. Queen alikuwa amenishika mkono. Mchungaji akasema sasa tumshushe mama yetu, na sebule nzima ikasimama. Nani angekaa mama akishushwa? Tulisimama wote kwa mpigo, mikeka ikavutika, mguu wa Leokadia ukanasa, waya ukachomoka. Televisheni ikawa nyeusi.

Leokadia ni mama mmoja wa Landover, Mhaya, ndiye anayetuanzishia nyimbo kwenye misiba yetu yote. Wanaume waliurukia ule waya, wakakuta kichwa chake cha kuchomekea kimevunjika. Kila mtu akatoa simu, huyu anatafuta hivi, yule anatafuta vile. Picha ilipopatikana, wenzenu walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe na watoto wamebeba maua. Leokadia akakaa palepale alipojikwaa, akaniambia, "Edna mwanangu, nimeku-disconnect na mama yako." Alilia kuliko mimi. Watu wakanifariji kwamba mama amezikwa vizuri sana, nami nikaitikia, ingawa hakuna hata mmoja aliyeona.

Nina uchungu, dada. Ningepata wa kumlaumu labda ungepungua, lakini nitamlaumu nani, watu waliosimama kwa heshima? Mtoto humtupia mzazi wake udongo. Wewe ulikuwepo, Eliudi alikuwepo. Mimi sikutupa, wala sikuona mkitupa. Tangu Juni najiuliza kama mama aliondoka na udongo wa watoto wawili tu.

Na Leokadia akaacha kuja. Akipika maandazi anampa mtu alete mlangoni, mwenyewe anabaki ndani ya gari. Hapo ndipo Sebastian alipoamua kutafuta fundi, ili sebule isiwe tena na waya wa kumwangusha mtu.

Fundi mwenyewe anaitwa Jahi, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha shemeji yako. Alinipa shikamoo nikaona aibu, maana umri wetu ni mmoja. Alipouona ule waya wa buluu, bado umelala pembeni mwa ukuta, na kuambiwa ulipitishwa chini ya mikeka, akatikisa kichwa. "Chini ya mkeka haifai, mama. Unakanyagwa, mwishowe unachomoka." Nikamwambia hilo nalijua.

Alitoboa ukuta nyuma ya televisheni na karibu na sakafu, akapitisha waya mpya ndani, mbali na wa umeme, kisha akafunika matundu kwa vibao vyeupe. Ukiingia leo utadhani televisheni imejining'iniza yenyewe. Waya wa buluu alitaka kuutupa, nikamnyang'anya. Nimeuweka kabatini, ndani ya kile kitenge cha mama nilichokuja nacho huku.

Halafu akawasha ajaribu. Waya wa spika alikuwa hajaupitisha, kwa hiyo sauti hakuna. Televisheni, ambayo tangu siku ile hatukuiwasha, ikafungua ilichokuwa inaonyesha mwisho, yale mazishi, ambayo mpiga picha wenu ameyaacha mtandaoni. Sebastian alishaniambia yapo, sikuthubutu kuyatafuta. Yakaanza palepale yalipokatika.

Nikamwona mama anashuka. Nikasimama. Jahi naye, aliyekuwa amepiga magoti na bisibisi yake, akasimama. Nikakuona unainama na kutupa udongo. Eliudi akatupa. Nikadhani utarudi kwenye kiti, lakini ukainama tena na goti hilo bovu, ukachota tena, na kabla ya kuuachia midomo yako ikasema kitu.

Spika zilipokuwa tayari nikarudisha nyuma. Yanasikika matarumbeta ya kanisa tu, yamekufunika kabisa. Nimerudisha mara nyingi hadi Queen akaichukua rimoti mkononi mwangu.

Jumapili iliyopita Leokadia alikubali kuingia. Alivua viatu, akavuka sebule macho chini, anachungulia kila anapokanyaga, na sakafu haina hata uzi. Nikamshika mkono nikamwonyesha waya unapopita, akaupapasa ukuta. Tulilia kidogo, kisha tukanywa chai na maandazi yake, safari hii yakiwa ya moto.

Sebastian anasema sasa nyumba imerudi kuwa nyumba. Ni kweli, imependeza. Lakini naumia, kwa sababu mgeni akiingia hawezi kujua kwamba hapa tulimlilia mtu.

Nina ombi moja tu, dada. Niandikie ulisema nini ulipochota mara ya pili. Kama ulimtaja marehemu baba, au ulikuwa unasali, sema hivyo hivyo, usinipe uongo wa kunibembeleza. Na kama halikuwa jina langu, basi siku mvua ikipumzika nenda pale kaburini nyuma ya nyumba, umtupie mama kiganja kimoja cha udongo, umwambie hiki ni cha Edna.

Nisalimie sana Eliudi, mwambie hasira zake nimezipokea kwa sababu ni za kaka. Msalimie shangazi Domina, na Honorata jirani, aliyemwogesha mama siku zake za mwisho nilipopaswa kumwogesha mimi. Mungu awape usingizi mzuri chini ya mvua hizo, na akuponye goti lako, tunalihitaji.

Mdogo wako akupendaye, ambaye tangu asubuhi ile bado amesimama,

Edna.