Vidole vya Samli kwenye Fuwele ya Wifi

Jumatano, Musoma. Mawingu tangu asubuhi, nguo za mtoto hazikauki. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Nimefanya kosa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anasoma chuo Dar. Amepita hapa kwetu Mukendo akitokea maabara huko Nairobi, na kijisanduku chenye kipande cha fuwele kidogo kama ukucha. Juu yake wameotesha utando wa oksidi, mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana, atomi zake zikijipanga kufuata zile za chini. Kazi ya miezi. Dar atauangalia kwa hadubini kali.

Alinieleza kwa mfano wa ng'ombe, mimi niliyeishia darasa la saba. "Kundi hili limegeukia ziwani, lile limegeukia barabarani. Mimi natafuta pale yanapokutana. Na kama chini kuna kasoro, inapanda mpaka juu."

Hilo la mwisho lilinichoma. Nikamwangalia Bhoke wangu, ana miezi minne. Na kasoro zangu, zinapanda kwake?

Jana wifi alienda Butiama kumsalimia mama yake. Mimi nilikuwa namkanda Bhoke kwa samli, kama ninavyofanyaga kila siku. Akawa analia. Nikafungua kijisanduku aone kinavyong'aa ndani, nikakitoa kile kipande kwa vidole vya samli.

Halafu nikakifuta kwa pindo la kanga.

Wifi akarudi, akala ugali na sato, akanisifia. Sijui hata chumvi ilikuwaje.

Leo mchana nimemwambia. Nilitaka kusema ni Bhoke. Miezi minne, angejiteteaje? Nikasema ni mimi.

Akakigeuza-geuza dirishani. "Mafuta yanasafishika. Huu mkwaruzo, Mama Bhoke, ndio haufutiki." Kisha, "Ungenyamaza, ningepima samli yako mwezi mzima nikaiita ugunduzi."

Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Kwenye daftari lake akachora mraba, akatia mstari kona moja, akaandika pembeni: pindo la kanga. Akafunga daftari, akaomba ampakate Bhoke.

Kesho alfajiri anapanda basi. Nimemchemshia viazi vya njiani. Anasema kona za upande wa pili huenda ni nzima, lakini hawezi kujua mpaka afike kwenye hadubini.

Nami nitakaa na simu mkononi. Zitakuwa nzima kweli?