Jani la Pili la Isale

Jumamosi

Kumbe ndizi zilikuwa uongo. Mwanangu Deo aliniambia anazipeleka sokoni Moshi, na mkungu nikamfungia kwa mikono yangu hii.

Alikwenda kupimana nguvu na vijana wa jujitsu ya Kibrazili, kule ukumbini mjini. Na siku ya Pasaka aliniapia, jani la isale mkononi, kwamba mieleka basi.

Amenieleza mwenyewe. Kijana mwembamba alikaa chini hata hawajashikana. Deo akacheka, "Wewe, umeshajiangusha?" Akamlaza chali, akainua mkono kushangilia, maana huku Uru mgongo ukigusa chini umeshindwa. Yule, akiwa chini vilevile, akaubana mkono wa pili kwa miguu. Wenzake wakapiga kelele, "Piga mkeka uachiwe!" Hakupiga. Kiburi! Kiwiko kikalia.

Ni mkono wa kulia. Nani atapogoa kahawa, nani atamkatia ng'ombe majani? Na usipopona sawasawa...

Lakini si kiwiko kilichoniuma. Alisimama mlangoni na isale lingine, kalishika kwa mkono wa kushoto. "Mama, pokea."

Kwetu anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi. Nimelipokea. Lile la Pasaka bado limo kwenye kitabu changu cha sala, hata halijakauka vizuri.

Nikampikia mtori wa ndizi, nikamlisha kwa kijiko kama mtoto.

"Mama, bora unichape."

Nikampa kijiko kingine.