Katoni ya Shingo za Kuku

Jumapili, 3 Machi

Keshokutwa naanza dripu. Zitakuwa nne, kila baada ya wiki tatu. Uvimbe wenyewe walishautoa titini mwezi uliopita, na mama nikamwambia nimetolewa kidole tumbo. Kidole tumbo! Akaamini. Akaja siku nne mfululizo kunichemshia maji ya kunywa. Kwa mama maji ya baridi ni adui — ya kunywa, ya kuoga, ya kunawa, yote lazima yapitie jikoni kwanza.

Daktari kasema dripu itaondoa nywele. Kasema huku anaangalia kompyuta, kama anasoma hali ya hewa. Zitaota tena, eti. Yeye ana upara tangu aajiriwe, anajua nini.

Sista wa wodi akanivuta pembeni. Kuna kofia za baridi, kasema. Unavaa kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada ya dawa. Kichwa kinaganda, dawa haifiki vizuri kwenye mizizi ya nywele. Si hakika, lakini wengine zinabaki. Hospitali haina, ila kuna mama kamaliza matibabu anazo nane, anaazima. Shida ni moja: zinataka baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Je, nyumbani una friza ya namna hiyo?

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Mimi! Msimamizi wa chumba baridi! Miaka kumi na moja namlinda kuku asioze. Kazini wananiita Mama Barafu. Haya, kuku nao walipe fadhila.

Jumatatu, 4 Machi

Kofia zimelala kazini. Bosi hajui. Bosi ana sheria: kitu binafsi hakiingii chumba baridi. Mwaka jana mwenzetu mmoja alihifadhi samaki wake wawili, akapewa barua ndefu kuliko samaki wenyewe.

Nimezipanga kwenye katoni, nimefunga kwa gundi, nimeandika ubavuni kwa mkono wangu: SHINGO ZA KUKU. Kwa nini shingo? Kwa sababu hakuna anayeagiza shingo. Miaka mitatu sijaona oda ya shingo hata moja. Ningeandika mapaja zisingefika saa nne asubuhi. Nimesukuma katoni rafu ya chini kabisa, pembeni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake — nami nazipigania zangu!

Jumanne, 5 Machi

Nani aliniambia mimi naijua baridi? Naijua nikiwa na koti, buti na glavu. Kofia ya kwanza ilivyokaa kichwani — mama yangu weee! Kama mtu kanikanyaga paji la uso, halafu kasimama hapo hapo kupiga simu. Dakika kumi. Baada ya hapo kichwa kinakufa ganzi, unabaki unatetemeka kistaarabu chini ya blanketi mbili.

Kila dakika ishirini na tano lazima zibadilishwe. Kazi hiyo kapewa mume wangu. Yeye Jumamosi ni mwamuzi wa mpira, basi kaja na saa yake ya mechi, glavu za golikipa alizoazima — na filimbi. Sikuamini. Zamu ya kwanza ilipokwisha akapuliza. Wodi nzima ikaruka, bibi wa kitanda cha pili karibu ang'oe mpira wa dripu. Sista alinyoosha mkono tu. Filimbi ikakabidhiwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwamuzi kaonyeshwa kadi.

Saa saba jumla. Kofia zinazosubiri zilikaa kwenye boksi lenye barafu kavu, ile inayofuka moshi. Nilichota kazini. Nitaieleza vipi kwenye daftari la stoo? Nitaandika imeyeyukia hewani. Si uongo.

Alhamisi, 21 Machi

Masharti ya Sista nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati. Kuosha mara moja kwa wiki, kwa maji baridi. Kitana cha meno mapana tu. Hakuna kuvuta. Hakuna kusuka!

Zimedondoka chache. Za kwenye mto nazihesabu kila asubuhi kama napokea mzigo. Leo kumi na tisa. Wenzangu wa kitanda cha pili na cha tatu wameshabaki kama yai. Najiona mwizi aliyepita getini bila kukaguliwa.

Jumanne, 26 Machi

Dripu ya pili. Ulimi una ladha ya sarafu. Kofia zimekaa sawa. Mwamuzi sasa anabadilisha kwa sekunde arobaini, anajisifu kwa manesi. Kamwambia Sista kuwa wakifungua ligi ya kofia yeye yuko tayari.

Jumapili, 31 Machi

Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku ya kusukwa.

Tangu nina miaka mitano, Jumapili hii nakaa chini, katikati ya magoti ya mama, ananisuka. Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa msimamizi — bado nakaa chini. Ana kitana chake kile chembamba cha tangu enzi, na mkono wake unavuta mpaka macho yanaelekea masikioni. Mtu akiniuliza kwa nini siendi saluni, nasema huyu wangu hatozi, ananinunia tu.

Leo nimempigia: mama, tunahesabu stoo, siwezi. Mwezi uliopita kidonda cha tumbo, mwezi huu kuku. Mama akaanza kunisimulia jirani yake aliyeficha goti bovu mpaka mguu ukakatwa. Mficha maradhi, kasema, kilio humfichua. Sijui kwa nini kachagua habari ya goti leo.

Kwa nini simwambii? Niandike basi, daftari halina mdomo. Mama mdogo aliugua ugonjwa huu huu. Siku nywele zilipotoka, mama alianza kumlilia. Hapo hapo. Miezi minane alimlilia mtu aliye hai, anayekunywa chai, chumba cha pili, ukuta mmoja. Mama mdogo alikuwa anasikia yote. Siku moja aliniambia: dada mkubwa akianza kukuzika, jitahidi uwahi kufa, usimchoshe. Tulicheka sana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na sikupaswa kucheka.

Sitaki kuombolezwa huku nasikia. Nataka mtu mmoja duniani anione mzima, anivute nywele na kuninunia. Ndiyo maana nagandisha kichwa. Si urembo. Urembo gani kwa mtu anayeshinda na kuku?

Jumanne, 16 Aprili

Siku ya mkosi.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeingia chumba baridi kuchukua katoni. Rafu ya chini, pembeni — patupu. Nikapapasa kama kipofu. Nikahamisha mapaja, nikahamisha vidari. Patupu!

Nikashika karatasi za kupakia. Mstari wa thelathini na nane: shingo za kuku, katoni moja. Mteja mpya, bwana mmoja anayefuga mbwa wa ulinzi. Sahihi ya kuidhinisha: yangu. Yangu mwenyewe! Jana jioni nilisaini kurasa mbili bila kusoma, nikiwahi kwenda nyumbani kulala nipate nguvu za leo. Miaka kumi na moja nawagombeza watu wasome kabla ya kusaini.

Dereva wa lori letu alishatoka saa kumi na moja. Simu inaita tu, haipokelewi. Anaiacha kwenye koti, koti analiacha nyuma ya kiti. Nikaenda hospitali mikono mitupu. Dawa ilikuwa imeshachanganywa. Sista kaniambia waziwazi: ikishachanganywa haisubiri. Uahirishe na tupoteze dawa na wiki, au upokee bila kofia. Nikamtazama Mwamuzi. Mwamuzi akatazama saa yake, kama saa ina majibu. Nikanyoosha mkono wachome.

Saa tano Dereva akapiga. Yuko getini kwa bwana mbwa. Bwana mbwa kafungua katoni na anapiga kelele anauziwa nini. Dereva naye ananiuliza kwa upole kabisa: Mama Barafu, hizi shingo mbona zina mikanda ya kidevuni?

Nilimwambia. Yote, kwa simu, mbele ya wodi nzima. Kisha nikasikia mlango wa lori unafungwa.

Kafika saa sita kasoro, kaingia wodini na buti zake za kazini, katoni begani. Lakini lori lake ni nyuzi kumi na nane tu chini ya sifuri, si thelathini. Na dripu ilikuwa imebaki kidogo chini ya chupa. Tukavaa hivyo hivyo. Kofia haikuuma. Nililia kwa sababu haikuuma.

Jumatano, 17 Aprili

Dereva kamwambia Bosi kwamba katoni ilikosewa lebo, kosa lake. Kaandikiwa onyo. Nilipokwenda kumzuia akaniambia mke wake naye alipita dripu hizi, alifunga kitambaa mwaka mzima, na sasa anamgombeza kama kawaida. Ungesema tu, kaniambia. Akaondoka kupakia vidari.

Niliingia ofisini kwa Bosi mwenyewe. Nikamwambia. Lile onyo la Dereva likafutwa. Bosi akaanza kukohoa kama mwenye mfupa kooni, akaniuliza kama nahitaji kiti. Nimekaa tayari, bosi! Ndiyo, haya ndiyo niliyoyakimbia.

Alhamisi, 25 Aprili

Zimetoka. Kisogoni, upande wa kushoto. Nilipitisha kitana, kikarudi na shungi zima, kimya kimya, halikuniaga. Palipobaki wazi panatosha kuweka kisahani cha kikombe. Mbele ziko, utosini ziko, nyembamba tu.

Nimemuuliza Mwamuzi panaonekana? Hapaonekani, kasema. Mtu anayeona mkono umegusa mpira kutoka katikati ya uwanja!

Nikamwambia Jumapili ni siku ya mama, amtafutie uongo, zamu yake sasa, mimi zangu zimekwisha. Akajikuna. Huyu hajui kudanganya. Akidanganya anatazama viatu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mwamuzi kampigia mama, kajifungia uani na simu. Nimeuliza kamwambia nini. Kasema: nimemwambia umechoka. Dakika ishirini kusema umechoka? Akatazama viatu.

Jumapili, 28 Aprili

Mama kaja! Hakupiga hodi wala simu. Saa tatu na nusu asubuhi nimemwona getini na mkoba wake. Nimekimbilia bafuni na daftari hili, nimefunga komeo, nimepaza sauti kuwa naoga. Kitambaa nimekifunga kichwani kama naenda vitani. Naandika nimekaa kwenye ndoo.

Mlango huu una ufa. Naona sebule nusu.

Kasalimiana na Mwamuzi. Mwamuzi kapotelea uani, eti kusafisha viatu vya mechi. Leo hakuna mechi.

Mama kaweka mto kwenye kiti kifupi, katandika taulo chini, mahali pangu. Magoti yanamuuma, anashika ukuta. Nafikiria nitamwambia nini. Chawa? Heri chawa. Mwanamke mzima na chawa, atanigombeza mpaka Krismasi, lakini atanigombeza.

Kafungua mkoba. Nimejua kinachofuata, kile kitana chembamba. Hapana. Katoa kingine. Kipana. Kina karatasi ya dukani. Anaing'oa kwa meno, anakipitisha mkononi mwake mwenyewe, juu ya ngozi, anajaribu makali. Tena. Tena. Kisha kakiweka juu ya taulo.

Sasa kachukua beseni, kaingia jikoni. Nimesubiri kusikia jiko. Jiko halikuwashwa. Nimesikia bomba tu. Karudi na beseni limejaa, maji yanamwagikia miguuni, kapiga magoti, katia vidole. Kavitoa haraka, kavipangusa kwenye gauni. Mama yangu! Maji ya bombani!

Hakuna wa kunihurumia nyuma ya mlango huu. Nimebaki mimi na ndoo.

Ananiita. Njoo, mwanangu, kabla haya maji hayajapata joto.

Nimeweka sikio kwenye mlango. Nasikiliza sauti yake, kama ina kilio ndani. Haina. Imekauka, ya kununa, ile ile. Naisikiliza tena. Ananiita mara ya pili, anasema kiuno kinamuuma, nimemfanya asubiri miezi miwili, nadhani yeye ni saluni?

Mkono uko kwenye komeo —